Siku Nilipokuwa Kwao Goreth

Jumapili, Buzebazeba. Mvua imeanza watu wakitoka kanisani na mpaka sasa haijakata. Mimi sikwenda. Niliogopa mtu asije akaniuliza habari za nyumbani.

Naandika nikiwa mezani, chai imeshapoa. Goreth, wifi yangu, amelala chumba cha pili. Sikio lake la kushoto limepasuka ngoma. Akilalia la kulia, ambalo ni zima, hasikii kitu, na nadhani ndiyo maana leo amepata usingizi.

Aliyempasua ni mdogo wangu, Yusto.

Nimeliandika jina lake. Alhamisi nilishindwa hata kulitamka.

Kazi yangu, kwa wasiojua, ni kueleza watu kwa nini wanaume wanapiga wake zao. Naendesha semina kwenye kata za mjini, na mara mbili kwa mwezi gari linanipeleka kambini kwa wakimbizi wa Burundi. Natundika bango kitita na kuchora mti. Kwenye mizizi naandika sababu: mtoto aliyeona baba akimpiga mama, mwanaume aliyepoteza shamba na sasa anapanga foleni ya unga, pombe, majirani wanaosikia kilio wakaongeza sauti ya redio. Halafu naandika ule usemi wao, *niko zubakwa*, ndivyo nyumba zinavyojengwa. Kina mama hucheka kidogo, maana kila mmoja ameshaambiwa hivyo na mama yake. Nachora vizuri, sijisifu bure.

Kinyozi hajinyoi.

Goreth alivuka ziwa kutoka Burundi akiwa mtoto, yeye na shangazi yake, wakashukia Mwamgongo. Shangazi akafa. Ndugu wengine hakuwaona tena. Akalelewa na watu wa kanisa mpaka Yusto, aliyekwenda huko kuvua dagaa, alipomkuta, akamleta kwetu Ilagala. Mama alifurahi sana kupata mkamwana asiye na wakwe wa kusumbua. Tulicheka siku ile. Leo sioni kilichotuchekesha.

Maana kwao mwanamke akipigwa anaondoka, anarudi kwa wazazi. Wanaita *kwahukana*, na sisi Waha tunaijua vizuri desturi hiyo. Mume atamfuata huko na pombe, atakalishwa mbele ya wakwe zake na kuulizwa amekosa nini. Asipojibu la maana anaondoka peke yake. Sasa Goreth angerudi wapi? Akaja kwangu, wiki moja kabla ya Pasaka, na kimfuko cha nguo na jicho limevimba.

Mimi nikadhani amekuja kupumzika. Sikujua kwamba amenichagua niwe kwao.

Nakiri hapa nilichofanya. Nilichukua kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza, nikamchorea mti. Nikamwambia baba yetu alimpiga mama mpaka uzee ulipomchosha mikono. Nikamweleza jinsi samaki walivyopungua, jinsi tajiri wa boti alivyomfukuza Yusto mbele ya watu, na sasa anabeba mizigo ya wenzake. Nikasema kwa mwanaume hilo ni jeraha. Nilisema kwa ufasaha, kama nipo semina.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wifi, mimi niko wapi kwenye huo mti?"

Nikamwonyesha tawi moja, nikaandika pale *madhara*. Halafu nikampa nauli na kumwambia avumilie kidogo, Yusto ni mgonjwa wa maisha. Alikunja ile kalenda vizuri, akaondoka nayo.

Alhamisi amerudi, kitenge kimeroa damu kuanzia begani. Hospitali daktari akauliza imekuwaje. Goreth akaniangalia mimi. Nikajibu ameteleza kwenye mawe akifua ziwani. Nilijua nikisema amepigwa tutaambiwa twende polisi kuchukua fomu, na fomu ina sehemu ya jina. Goreth hakunipinga. Daktari naye hakuuliza tena.

Miaka yote nawaambia kina mama wasifiche. Nimeficha kwa nusu dakika, wala sauti haikutetemeka.

Leo mchana Yusto amekuja. Kwa kuwa siku hizi ameokoka, pombe haileti, ameleta kreti ya soda. Kwa siku nyingine ningemtania. Alikaa kwenye kochi huku maji yakimtiririka, Goreth akakaa mbali kidogo, amegeuza sikio la kulia upande wetu. Nikaelewa kwamba wote wawili wananisubiri mimi. Hapakuwa na baba mkwe wala shangazi. Nilikuwa mimi tu.

Nikamuuliza amekosa nini.

Akatoa ile kalenda mfukoni, imelowa, akaifungua juu ya goti. "Dada, wewe mwenyewe umechora," akasema. "Baba alitupiga. Ziwa limeninyima. Kazi sina. Si mimi, ni hii mizizi."

Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Mwandiko ulikuwa wangu, na kila alichosema ni kweli. Baba alitupiga, nilikuwepo. Nilikuwa namsukuma Yusto chini ya kitanda na kukaa mlangoni ili baba aanze na mimi. Hakuna uwongo kwenye ule mti, bado nitauchora tena semina ijayo. Lakini niliuchora wote na kumsahau mwenye mkono, kisha nikampa mpigwaji aubebe mpaka nyumbani.

Nikamuuliza kama yeye alimpiga hata kofi moja yule tajiri wa boti aliyemfukuza. Akaanza kuikunja kalenda. Nikamuuliza kwa nini mimi, mtoto wa nyumba ileile, sijampasua mtu sikio. Akaniangalia kwa yale macho yake ya utotoni.

"Dada, uko upande gani?"

"Wewe ni mdogo wangu," nikamwambia, "lakini leo hapa ni kwao Goreth. Rudisha soda zako. Haendi."

Goreth aliinuka, akamfungulia mlango.

Yusto aliondoka na kreti kichwani, anateleza kwenye tope la uchochoroni, na mimi nilimwangalia mpaka akapinda kona. Nikalia kama nimefiwa. Nampenda mdogo wangu. Nitaandika hilo pia, maana nikilificha nitakuwa nimedanganya kwa upande wa pili. Nilimbeba mgongoni kabla sijaota meno yote ya ukubwani. Kuandika nilimfundisha mimi, kwa kijiti, kwenye mchanga wa Ilagala, na kila wimbi lilipofuta tulianza upya.

Mama ameshapiga simu mara tatu. Anasema damu ni nzito kuliko maji, anasema yeye mbona alivumilia. Mara ya tatu sijapokea. Nitampokea, ni mama yangu, ila si leo.

Goreth alipoamka amekuja kukaa hapa mezani. Nimemwambia, karibu na sikio zima, kwamba kesho tutaanzia hospitali, nimwambie daktari yale mawe niliyatunga. Kutoka hapo tutakwenda polisi. Ameniuliza kama nitaweza.

Sijui. Naogopa nikifika pale nitaanza tena kueleza baba yetu, ziwa na tajiri wa boti. Askari hatakuwa na haja na mti. Atauliza jina la aliyempiga, na pengine atataka nilitaje herufi kwa herufi.

Nitalitaja. Najua linavyoandikwa.