Kwaya ya Mabaharia wa Nchi Kavu

Saint-Gilles, Brussels, Jumapili

Wanaume wazima, wamevaa fulana za mistari, wanavuta kamba ambayo haikufungwa popote! Maman Béatrice, jirani yangu Mkongo wa ghorofa ya chini, ndiye aliyenipeleka kuwaona. "Alors dada, bwana yako iko mu bahari, donc utafurahi." Sikufurahi hata kidogo.

Ni kwaya ya walimu na mawakili waliostaafu, wanaoimba nyimbo za kazi za mabaharia wa zamani kwenye baa moja karibu na stesheni ya treni ya Gare du Midi. Waliimba kuhusu nahodha asiyewaruhusu watu wake kurudi kwao, huku wakigonganisha glasi za bia na kucheka.

Kiongozi wao aliposikia kuwa mume wangu ni baharia, akanisimamisha nizungumze. Nikasema Salim yuko kwenye meli ya makontena, mkataba wake umekwisha, na nahodha amekataa kumrudishia pasipoti. Wakanipigia makofi. Makofi! Yule kiongozi mpuuzi akauliza kama Salim anaweza kuwarekodia wimbo ambao yeye na wenzake huuimba kazini.

Jioni Salim alipopata mtandao nikamweleza.

"Na kelele za injini hizi, tuimbe nini?" akasema. "Hebu waigize nione."

Nikasimama jikoni, nikavuta taulo kama kamba, nikaimba kwa sauti yao ya puani. Akacheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka tangu wamnyime ruhusa ya kushuka melini.

Halafu mtandao ukakatika, na sijui kama alisikia nilipomwambia kuwa ninaogopa.