Jogoo Niliyemwacha Getini

Nyamuswa, Bunda
Jumapili jioni

Kwako mwanangu, mama yangu, Mwalimu Nyamburi,

Nakusalimu kwa salamu zote za nyumbani, za asubuhi na za jioni, wewe uchukue inayofaa kwa saa utakayosoma. Hujambo? Kile kifua cha baridi ya ziwani kimekuachia? Na koo je, maana nyie walimu mnakula kwa koo. Sisi huku tuko salama kwa kadiri Mungu alivyotupimia. Baba yako Yakobo goti linamsumbua, lakini mdomo haumsumbui, anawasimulia watu habari zote za redio kabla redio yenyewe haijamaliza. Mimi ni mzima wa mwili. Ila kuna kitu nimekimeza hakishuki, na ndicho kimenikalisha chini leo na karatasi.

Usiushangae mwandiko, ni wangu. Sijamwomba mtu aniandikie. Niliishia darasa la saba, lakini mwalimu wetu alikuwaga ananiita mbele niandike tarehe ubaoni kwa sababu herufi zangu zilisimama vizuri kuliko za wavulana. Hata leo kigango kizima hiki, mama wa umri wangu anayeweza kuandika barua ndefu bila kumtuma mtoto ni mimi peke yangu, na unajua sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Utaona mbele huko kujisifu kumenifikisha wapi.

Habari za shamba ni njema. Pamba imeota, na ya kwetu imewapita majirani, wanakuja kuniuliza mbegu nimetoa wapi wakati tuligawiwa wote siku moja. Yule ng'ombe wa pembe iliyopinda amezaa ndama jike. Baba yako alitaka kumwita Mwanza kwa heshima yako. Nikamwambia hapana, yaani kila siku niwe namfukuza kwenye mahindi kwa fimbo nikitaja mji anaokaa mwanangu? Kwa hiyo ndama bado hana jina.

Mwezi uliopita tulienda Butiama kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yako. Nilikalishwa meza ya mbele. Waliponiuliza Nyamburi yuko wapi siku hizi, nikasema yuko Mwanza, ni mwalimu wa sekondari, anafundisha kidato cha nne, na mezani kwake kuna kompyuta. Wakapiga vigelegele. Mjomba wa bwana harusi akaniongezea kipande cha nyama.

Mwanangu, wewe hukuniambia hayo. Siku ile ile ulipopata kazi ulinipigia ukaniambia wazi kwamba ni shule ya awali, unafundisha watoto wa miaka mitatu na minne. Nakumbuka hata mahali niliposimama, karibu na banda la mbuzi. Nikakupa hongera. Nilipofika kisimani wale watoto wako walikuwa wameshafika darasa la tatu. Nilipofika kanisani wako la saba. Bunda mjini kwa Salum fundi cherehani wakaingia sekondari. Nadhani nchi nzima hakuna wanafunzi waliowahi kupanda madarasa haraka kama wa kwako.

Sikufanya hivyo kwa ubaya. Wewe mwenyewe unakumbuka ulivyorudi na diploma yako ukangoja ajira ya serikali miaka mpaka ukaanza kuuza dagaa stendi ya Bunda. Watu walikuwa wanapita wanasema kile cheti cha Nyamburi si akifunikie ndoo ya dagaa, nzi wasiingie. Walisema mbele yangu, wakicheka. Kwa hiyo ulipopanda basi la Mwanza na lile sanduku la bluu, mimi sikuona mtoto anaondoka tu. Niliona jibu langu kwa wale watu linaondoka, na nikataka liwe jibu kubwa.

Huyo Salum ndiye aliyesema mama wa mwalimu mkubwa hawezi kutembea na gauni la mabega ya kizamani. Akanishonea gauni la kijani lenye ndege wa njano, mikono imevimba kama maandazi. Wewe gauni hilo hujaliona. Lakini kitambaa chake umekishika.

Sasa nimefika penyewe. Juzi uliponipigia ulikuwa unacheka. Ulisema kuna mtu aliacha jogoo kwenye kikapu getini kwenu, akamwambia mzee Mwandu, mlinzi wenu, amchinje ale, akaenda zake. Mzee Mwandu hakumchinja, akawapa watoto, watoto wakamwita Mgeni, na sasa anatembea darasani kama mkaguzi. Ukasema alikuwa amefungwa miguu kwa kitambaa cha kijani chenye ndege wa njano, na kwamba siku hiyo ukiwa bombani uliona kwa mbali mgongo wa mtu anashuka kwenye mawe, anatembea kama mimi. Ukaniuliza, mama, hukuja Mwanza wewe? Nikakujibu kwamba siku hiyo nilikuwa nikipalilia, kisha nikakuuliza bei ya sangara huko. Ukanitajia bei ya sangara.

Kwenye simu uongo unatoka wenyewe, mtu hajui hata ametokea mlango gani. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa Alhamisi. Consolata, mke wa katekista, alikuwa anakwenda Mwanza kuchukua vitenge vya kuuza. Unamfahamu, mama mtulivu, hata akikanyagwa anaomba samahani yeye. Siku moja kabla nilimkuta akitafuta mtu wa kusafiri naye, nikaona ndiyo nafasi. Simu yangu hii ya tochi haionyeshi picha, sijawahi kuiona shule yako, na sikutaka kukuambia nakuja kwa sababu nilitaka nikukute umekaa kwenye hiyo meza ya kompyuta. Nikamwambia Consolata atashuhudia kwa macho yake akawasimulie wengine. Nikavaa gauni. Nikamkamata yule jogoo mwekundu wa mkia mweusi, nikamfunga miguu kwa kipande kilichobaki kwa fundi.

Tulishuka Nyakato, vijana wa bodaboda wakatuelekeza juu kwenye mawe. Tukakuta ukuta umechorwa sungura na tembo. Nikamwambia Consolata labda sekondari za mjini ndiyo zinachorwagwa hivyo, mji ni mji. 

Geti lenu ni la nondo, mtu anaona mpaka ndani. Uwanjani kulikuwa na watoto wamepangana mstari, kila mmoja ameshika nguo ya mwenzake, na wa kwanza ameshika mkia wa aproni ya mwanamke. Huyo mwanamke ametanua mikono kama mabawa, anaruka huku na huku, analia kama kuku anayelinda vifaranga, na mbele yake mtoto mmoja ndiye mwewe. Wanacheka mpaka wanaanguka. Kisha mtoto wa mwisho akasimama, miguu ameipanua, anajitazama suruali. Mwanamke akaacha mchezo, akambeba na uchafu wake hivyo hivyo, akampeleka bombani, akamtawaza kwa mkono wake, akamfuta na kamasi. Wala hakukunja uso. Alikuwa anamwimbia.

Nilikujua kabla hujageuka. Nani asiyejua mgongo aliouogesha mwenyewe?

Mzee Mwandu akaja na adabu zake zote za Kisukuma, akatusalimu, akauliza tumetoka wapi, nikasema Bunda, akauliza tunamtafuta nani. Nikamwambia tumekosea, mimi binti yangu ni mwalimu wa sekondari, hapa siyo. Consolata akanivuta mkono akisema mbona yule pale ni Nyamburi, mtazame anavyotembea. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, kwamba siye, yule ni dada wa usafi. Ndipo mzee Mwandu akafurahi, akasema anhaa, mnamtaka Mwalimu Nyamburi, si anatokea huko huko kwenu Bunda, ngoja niwaitie. Nikasema hapana baba, usimwite. Simjui mtu wa jina hilo.

Na mwanangu, jua linawaka, mchana kweupe, mle ndani ya kikapu jogoo akawika.

Wewe umesoma dini, habari ya kukana mara tatu na jogoo kuwika sihitaji kukueleza. Consolata ni mke wa katekista. Alitazama kikapu, akanitazama mimi, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Sikujua kama anacheka au analia, na sikungoja kujua. Nikamsukumia mzee Mwandu kikapu, nikamwambia achinje, nikashuka yale mawe na viatu vyangu vya kanisani vinateleza. Huo ndio mgongo uliouona.

Nilitafuta aibu yangu ilikuwa ya nini hasa. Nimeipata, na si nzuri. Wakati nakua, bibi yako aliyekupa jina ndiye aliyekuwa anaachiwa watoto wa kitongoji chote msimu wa palizi. Mama zao wanakwenda kwenye pamba, yeye anabaki nao, anawatawaza, anawalisha uji, anawachezesha. Mchezo ule wa mwewe ni wake. Watoto wenzangu wakawa wananiita mtoto wa yaya, na mimi nikaapa mwanangu atasoma mpaka asishike kinyesi cha mtoto wa mtu. Nikakusomesha. Ukasoma, ukafaulu, ukaenda mji mkubwa, na nilipochungulia kwenye nondo nikamkuta mama yangu yuko pale pale anaruka. Mimi sikukufundisha mchezo ule. Bibi yako alifariki wewe una miaka mitatu. Nadhani ulikuwa wewe kifaranga wa mwisho, umeshika nguo yake, na mkono wako haukusahau.

Kwa hiyo niliposema simjui mtu wa jina hilo, niliwakana wawili kwa mara moja, aliyenizaa na niliyemzaa.

Consolata hajamwambia mtu. Angenisema, ningegombana naye, na kugombana mimi najua. Huku kunyamaza kwake sikuwezi. Kila Jumapili ananipa amani ya Bwana kwa mikono miwili, nami naipokea nikitazama viatu.

Leo baada ya misa akina mama walisimama wakasema ukija likizo ya Desemba wanataka uwapige msasa wasichana wa kidato cha nne. Wamekwishapanga na pilau. Miguu ikaniinua. Nikawaambia mwanangu hafundishi kidato cha nne, hajawahi, mimi ndiye niliyewapandisha madarasa. Anafundisha watoto wa miaka mitatu, anawaimbia na kuwatawaza. Nilingoja wacheke. Bibi Wankyo, yule kikongwe asiyesikia vizuri, akaomba arudiwe, akarudiwa, kisha akasema kumbe jina limepata mwenyewe. Wengine wakauliza kama utaweza kuwaonyesha namna ya kukaa na watoto wadogo wakati wa palizi. Pilau iko pale pale. Kumbe aliyekuwa anataka sekondari ni mimi peke yangu.

Ila habari ya getini sikuwaambia. Hiyo niliona ni yako kwanza, wao watangoja.

Barua hii anakuletea Consolata mwenyewe, anafuata vitenge tena. Ningempa mtu mwingine ningeweza kumkimbilia njiani nimnyang'anye. Yeye siwezi kumnyang'anya kitu. Ukitaka kumuuliza kama ni kweli, muulize, alikuwepo.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nakuomba kitu kimoja. Alhamisi ijayo nitakuja, peke yangu, na gauni lile lile la kijani ulilinganishe na kile kitambaa. Usinipokee stendi, wala usimwambie mzee Mwandu. Mwache akae getini kama siku zote, aniulize tena namtafuta nani. Nataka anisikie nikijibu, na watoto wasikie, na huyo Mgeni wao asikie. Kama moyo wako bado una jeraha, mwambie aseme hupo. Nitaelewa mwanangu, nitashuka yale mawe taratibu, na sitakuuliza kwa simu.

Baba yako anakusalimu sana. Nilipomweleza yote haya hakunigombeza, aliuliza tu kama jogoo yuko mzima. Ndama anakusalimu bila jina. Shangazi yako wa Butiama anakusalimu, bado anaamini una kompyuta, huyo nitamweleza mwenyewe. Msalimie mzee Mwandu. Wasalimie vifaranga wako wote, hasa yule wa mwisho, umwambie hakufanya kosa lolote siku ile.

Ni mimi mama yako mzazi,

Mama wa Nyamburi,
mwalimu wa chekechea, Mwanza.