Supu Isiyomngoja Mtu

Goma, Himbi
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha ambayo kalamu inashindwa kuishika. Mimi ni mzima, shangazi Charline ni mzima, na ziwa bado lipo mahali pake. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na papa, mzee wako, amesharudi kutoka Beni, au sahani yake bado imefunikwa mezani inamngoja? Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu unajua simu ya kwetu Butembo: ukiongea na mmoja, ukoo mzima umesikia. Barua hii Kambale dereva atakupa wewe mkononi, si mtu mwingine.

Mama, jana nimekula katika mkahawa wa Kijapani, peke yangu, na tangu jana sijatulia.

Upo hapa hapa Himbi, na watu wanauita kwa jina la chakula chake, rameni. Kwanza nikuchekeshe. Nilipokuwa natoka na kile kitenge cha Pasaka, shangazi aliuliza naenda wapi. Nikamjibu naenda Rameni. Yeye akasikia Amen, akadhani ni chumba kipya cha maombi, akaniambia nisimsahau katika sala na hasa niitaje ndoa yangu. Nilicheka mpaka barabarani, lakini sikumsahihisha.

Ni Wenceslas aliyechagua mahali hapo. Alitaka tupange mambo ya Jumamosi ijayo, siku wazee wake watakapokuja kwenu na mbuzi wa mahari. Nakujua, viti vya majirani umeshaanza kuvikusanya. Alisema tukutane saa saba mchana. Nilifika saa saba. Yeye, unamjua, hakuwepo.

Mbele ya jiko kuna ubao mrefu wenye viti vya mtu mmoja mmoja, na kila mlaji anatazama masufuria, hakuna anayekutazama wewe. Mpishi anaitwa Julien, mtu mnene wa hapa Goma aliyefundishwa kazi na Mjapani mmoja huko Kigali. Nikamwagiza mabakuli mawili, ili Wenceslas akifika akute chakula mezani, kama ulivyonilea. Julien akasema la pili atalipika mgeni wangu akifika. Akaniwekea langu: supu inatoa moshi, tambi ndefu, nyama ya nguruwe, yai lililokatwa katikati. Harufu yake, mama, sijui niseme nini. Mate yalinijaa mdomoni.

Basi nikaomba sahani ya kulifunikia bakuli mpaka Wenceslas afike.

Julien alinitazama kama nimeomba kulizika. Akaegemea ubao, akaniambia polepole:

“Dada, hii haingojeake mutu. Ukiifunika inavimba, inakuwa sawa bugari, donge tu.”

Nikatazama mlango. Nikatazama bakuli. Nikala.

Vile vijiti vilinishinda mwanzoni, tambi zikawa zinakimbia. Na jirani yangu, muzee mmoja wa heshima kabisa, alikuwa anazivuta kwa kelele ambayo wewe ungenipigia kofi. Julien akaeleza kwamba kwa Wajapani kelele hiyo ndiyo asante ya mpishi. Nikamshukuru kwa nguvu zangu zote. Yote yalikuwa ya moto, mama, ya moto mpaka pua inavuja! Nikajiuliza ni lini nilikula cha moto tangu nimjue Wenceslas. Sikumbuki hata mara moja.

Bakuli lilikuwa karibu kuisha alipopiga simu. Alisema yuko Kibati na rafiki zake, nimngoje, nisianze.

Nikamjibu, “Nimeisha kula.”

Akaniuliza niliwezaje kuanza bila yeye, akaongeza kwamba si kitu, nikishaingia kwake nitajifunza kungoja. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari, na hapo ndipo nilipoiona nyumba yake yote, na mimi ndani yake, na sahani juu ya sahani.

Sasa nikuambie neno lililonifanya nishike kalamu. Nilimwambia, “Wazee wako wasikuye.” Nikakata simu. Jumamosi hakuna mgeni, mama. Warudishie majirani viti vyao. Papa atakasirika; mwambie ni uamuzi wangu, wewe hukujua kitu. Wenceslas si mtu mbaya, na mimi silii. Nimefurahi mpaka naona haya. Julien alipouliza kuhusu bakuli la pili, nilimwambia alipike, nikalila mimi.

Nilirudi nyumbani natembea kwa shida kwa kushiba. Shangazi aliponiona uso akapiga makofi, akasema maombi yamejibiwa. Jumapili ijayo anataka tuende wote huko Amen. Nitampeleka.

Nisalimie Apolline na watoto wake, na wote wanaoniulizia. Nawe mama, najua unaisoma barua hii karibu na ile sahani ya papa, na chako kinapoa jikoni. Nakuomba kitu kimoja tu. Weka barua chini, kaa mezani, ule kingali cha moto.

Mtoto wako aliyeshiba,
Kahambu