Baruti katika Dimbwi la Kambare

Bahi, Jumanne jioni

Bado nanuka tope. Asubuhi Mzee Chipanha alinifundisha kukamata kambare kwa mikono katika dimbwi linalokauka. "Mshike nyuma ya kichwa, mwanangu, miiba yake inachoma. Na wadogo waache, mvua bado iko mbali."

Tulikuwa tumepata watatu tu alipokuja yule Mjerumani wa reli ninayempikia. Akatufukuza majini, akatupa baruti. Kambare wote wakaelea matumbo juu, hata wale wa urefu wa kidole. Akachagua sita wakubwa, waliobaki akawaachia nzi.

Mzee akaniuliza, "Sasa mwezi ujao tutakula nini?"

Nilikwenda kuwakaanga wale sita.

Bwana aliniachia vichwa. Nilivila vyote, na vilikuwa vitamu. Najionea kinyaa.