Tarumbeta Lililonyamazishwa

Mtendeni, Tabora
Mwezi wa pili

Mdogo wangu Sixbert,

Marahaba, ingawa hujaniamkia kwa miaka tisa. Mvua zimekatika mapema, na tumbaku yetu ya Goweko imekaukia shambani.

Juzi tulimzika Festo. Unakumbuka alivyompigia Alois tarumbeta peke yake, bila kupumzika, hadi kaburi likajaa udongo? Hiyo ndiyo desturi ya bendi yetu ya kanisa: mpigaji humsindikiza mpigaji. Festo alikosa mpigaji, akasindikizwa na wimbo wa kwenye simu. Yustina, mjane wake, alinigeukia mbele ya waombolezaji.

“Shemeji, si wewe uliyemnyang’anya Sixbert tarumbeta kaburini kwa mama yenu? Haya, piga wewe!”

Nilirudi nyumbani, nikalitoa tarumbeta lako.

Daktari amenieleza kwamba sitaifikia Pasaka. Nimelisugua kwa majivu na ndimu, lakini vitufe vya vali vimeganda, na fundi wa Usoke amelikataa. Kwa hiyo sikuiti uje kunipigia.

Siku ile ya kumzika mama nilisema mbele ya watu kwamba unauharibu wimbo. Hukuuharibu. Ulikuwa umempita hata Alois kwa kupiga, na umenipita mimi kiongozi wenu, ndiyo maana nikakunyamazisha.

Kaka yako,
Kornel