Kamba za Makopo

Jumanne, 9 Mei 1995
Kuamia ndege tena, wasile mpunga, tangu umande. Kamba zote za makopo ya kuwatishia sasa zinaishia mkononi mwangu, hapa juu kwenye dungu. Za upande wa mtoni alikuwa akizivuta mwanangu Fausta; leo nimemnyang'anya. Anavuta huku anaota. "Mshika mawili, mama!" akanicheka. Anacheka nini yeye? Mchumba wake wa Mlimba ndiye anayemlewesha. Jumapili washenga wanakuja kuchukua jibu. Baba yake yuko kaburini, jibu ni langu. Simtoi.

Alhamisi, 11 Mei
Nimezifunga kamba zote fundo moja, nikajifunga mkononi. Nikisinzia, nikijigeuza, makopo yanalia yenyewe. Akili hiyo!
Ukungu haujaondoka hadi saa nne. Nikasinzia. Nikaota namvuta Fausta kwa kamba, naye anakwenda, anakwenda, hageuki. Nimeamka mkono umevimba.
Nataka abaki. Nataka kama mlevi anavyotaka pombe. Najua ni vibaya. Bado nataka.

Jumapili, 14 Mei
Washenga wamekuja hadi shambani, viatu mkononi, matope magotini. Vijana wawili wenye adabu. Wameniamkia kutoka chini, nikajifanya sisikii.
Fausta akapanda ngazi nusu. "Mama, wamekupa shikamoo. Itikia basi, hata kama hunitoi."
Nikapandwa na hasira. Kundi la ndege likashuka wakati huohuo. Nikavuta kwa nguvu zote. Fundo moja, jamani! Vijiti vyote vya makopo vikang'oka pamoja, vikalala juu ya mpunga ulioiva. Makopo kimya. Nimeaibika mbele ya wageni, nimelia kama mtoto.
Sikuwa na cha kuvuta tena. Nikalala chali. Ndege wanakula, nawasikia, kama mvua ndogo. Moyo ukatulia, sijui kwa nini. Kisha wakashiba, wakainuka wenyewe. Mpunga mwingi bado umesimama.
Nikashuka. Nikawaambia marahaba. Nikawaambia mchukueni.

Jumapili, 12 Mei 1996
Niko peke yangu kwenye dungu. Kamba ziko kwenye nguzo, kila moja na fundo lake. Mkononi alama imebaki kidogo.
Treni ya Mlimba imelia mbali, ndani ya ukungu. Nimemkumbuka mwanangu, imeniuma, ikapita.
Ndege wameshuka upande wa mtoni. Nawaona. Nitavuta, lakini wacha kwanza ninywe uji wangu.