Duka Hili ni la Kaka Yangu

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje, bado linakunyima usingizi au limekubali ile dawa ya kuchua? Mimi mzima kabisa hapa Bukoba. Mvua ya huku haina ratiba, naingia darasani viatu vimelowa, na ndizi nimekula mpaka naota ugali wa muhogo. Wanafunzi wangu wa Jiografia waliniambia Ruangwa iko Msumbiji. Nimewachoresha ramani mpaka wamejuta.

Najua Kaka Issa amekuja hapo Mandawa kunishitaki, tena kabla hata hajanywa maji. Sikiliza na upande wangu.

Nilipokuja likizo, niliibeba ile mashine ya kupulizia mikorosho anayouza dukani kwake Nachingwea. Alitaka niisifu kwenye blogu yangu, kwa kuwa wakulima wa huko wanaisoma, na wasio na simu kubwa wanasomewa na watoto wao. Nikaandika. Nikasema unga wa salfa wa kuua ukungu unafika mpaka kileleni. Lakini nikasema pia kwamba asubuhi inagoma kuwaka, na wewe mwenyewe uliniona navuta kamba mpaka umande ukakauka, tukarudi nyumbani na unga wetu, maana majani makavu hayashiki kitu. Na juu kabisa, kabla ya habari yenyewe, nikaweka hivi: "Duka hili ni la kaka yangu wa tumbo moja, na simu niliyopigia picha hizi kanipa yeye."

Kaka akanipigia simu. "Somoe, undugu ni wa nyumbani. Wewe umeupeleka mnadani."

Nikamwambia msomaji ana haki ya kujua ninayemsifu ni nani wangu. Nikimficha, siku mashine ikimnunia shambani atanilaani mimi na ukoo mzima. Akakata simu. Tangu hapo akawa hapokei, na iliniuma sana, Mama. Huyo ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto tukienda shule. Nilikaribia kuifuta habari yote.

Aliyenizuia ni mtani wetu Mzee Chilumba, yule Mmakonde wa Marambo. Wifi kanisimulia huku akicheka. Mzee kaingia dukani na kuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Iko wapi hiyo inayogoma? Nyie Wamwera kwa kuuzana ndugu hamjambo. Lakini aliyesema ubaya wake, hata uzuri wake namwamini. Hebu washa tuone."

Kaka akavuta mbele ya watu. Ikagoma. Akavuta nyingine, ikawaka, na mzee akaondoka nayo. Siku hizi kila mteja anataka kuwashiwa kwanza, na zinazogoma Kaka anazirudisha kwa aliyemuuzia, kwa maneno ambayo mimi mwalimu siwezi kuyaandika.

Kwangu bado alikuwa na kiburi. Juzi kanitumia ujumbe wa neno moja: "Mzima?" Nikamjibu, "Mzima, shikamoo kaka." Jana akapokea simu, tukaongea mpaka salio likaisha.

Nisalimie Shangazi wa Chinongwe, mwambie kikoi alichonipa ndicho blanketi langu huku. Na Mjomba fundi baiskeli naye asijione nimemsahau.

Sasa, Mama, ombi lako nimelipata kupitia kwa wifi: niandike kwamba korosho zako za kubangua ni tamu kuliko zote Ruangwa, ila nisitaje wewe ni nani wangu, usije ukaumbuka kama Issa. Nitaziandika. Lakini juu kabisa nitaweka hivi: "Mwenye korosho hizi ni mama yangu. Ndizo zilizoninunulia sare na madaftari, na mafuta ya maganda ya korosho yameacha weusi kwenye vidole vyake ambao sabuni haiutoi. Kwa hiyo ulimi wangu msiuamini, onjeni wenyewe."

Mwanao,
Somoe